Mfuga Chumvi

Kioo nilikipata kwa Mama Sekela, Mwanjelwa,
siku alipofunga saluni akarudi Kyela:
meza ya kupangia rola, milimita nane,
na mkwaruzo pembeni kama unywele uliosahaulika.
Ambakisye fundi madirisha alikata vipande vitano,
akapaka silikoni kwa kidole, amenuna:
"Lita arobaini. Likivuja usinitafute."

Halikuvuja.
Siku tatu nililiacha na maji ya bomba,
kila alfajiri nikipapasa chini yake
kama apapasavyo mzazi godoro la kikojozi.

Mawe ya baharini sina,
na hata ningekuwa jirani nayo nisingeyang'oa.
Nilinunua Kiwira, kwa bibi anayeuza
mawe mepesi ya kusugulia visigino,
yaliyotemwa na mlima, yana matundu kama mkate.
"Kumi na mawili? Una miguu mingapi, baba?"
Nikayatia majini. Yakaelea.
Nikayakandamiza kwa tofali ndani ya ndoo
wiki nne, yakitoa povu moja, jingine kesho,
mpaka pumzi ya mlima ikawaishia
yakakubali kuwa mawe.

Chumvi ya mezani haifai, hata ile ya Uvinza.
Yangu ilikuja na basi la usiku kutoka Dar,
kilo mbili ndani ya kopo la rangi;
kondakta aliinusa, akauliza kama ni dawa ya ng'ombe.
Maji ni ya mvua. Ile ya kwanza niliiachia ioshe bati,
ya pili nikaikinga, na masika ya Mbeya si mchoyo.
Gramu thelathini na tano kila lita.
Kipimo kilishasema sawa,
bado nilichovya kidole nikaonja.

Kisha hakuna kitu.
Nilitupia dagaa mmoja aoze,
nikangoja wadudu wasioonekana waje kumaliza uozo.
Wateja wanaleta simu zilizopasuka vioo,
wanainama pale kwenye taa ya bluu:
"Samaki wako wapi?"
"Hakuna."
"Sasa unafuga nini, chumvi?"
Jina likanata. Hata mchungaji akipita:
"Mfuga Chumvi, mifugo haijambo?"

Wiki ya saba tumbawe lilifika ndani ya chupa ya chai.
Kipande sawa na kifungo cha koti,
kimekatwa kwa mama yake aliyekulia sebuleni Temeke,
kimegandishwa kwa gundi juu ya kokoto.
Laini, kimejikunja, rangi ya kamasi.
Tusekile akakitazama, akanitazama.
"Hiki ndicho kilichokula hela ya bati?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na risiti.

Juni, baridi ikashuka kutoka Loleza,
na umeme ukakatika saa mbili usiku.
Pampu kimya. Kipasha joto kimya.
Ishirini na nne, ishirini na mbili, ishirini.
Nilidhani Tusekile amelala.
Akatoka na jiko la mkaa, akachemsha maji,
akajaza chupa za soda, akaziegemeza kwenye kioo,
akalifunga tangi zima kwa blanketi la Tumpe
lile la kliniki, lenye sungura.
Kilichobaki ni maji kutembea.
Nikachota kikombe, nikamimina juu kwa juu,
nikachota, nikamimina,
mita elfu moja na mia saba juu ya bahari,
mkono wangu ukiwa ndiyo bahari yote iliyopo.
Saa tisa akaninyang'anya kikombe
bila neno.

Umeme ulirudi kumekucha.
Tukafunua blanketi upande mmoja.
Kile kifungo kilikuwa kimesimama,
vikono vyake, vinanevinane kila kimoja,
vinafumba na kufumbua, vinafumba,
havishiki chochote, haviombi.

Tulikaa pale, magoti yamelowa.
Nje mtu anagonga dirisha, ana simu isiyoingiza chaji.
Nami nahesabu vikono, napotea, naanza upya,
mpaka jikoni ikaitwa sauti ambayo hainiiti tena Gwamaka:
"Wimbi! Chai inapoa."